Mwiko

Usiku mmoja wa mwaka 2022, nikiwa nimejilaza kwenye chumba changu cha kupanga Kalangalala, umeme umekatika na simu ina chaji ya kubahatisha, niliandika kwenye Google maneno ambayo nikiyakumbuka leo huwa nacheka peke yangu: mgahawa wa Kiitaliano wenye chakula kisicho na gluteni, karibu nami. Simu ilizunguka kidogo, kisha ikaniletea ramani yenye alama moja nyekundu. Ilikuwa Mwanza, zaidi ya kilomita 100, na katikati kulikuwa na kivuko.

Kalangalala ni katikati ya mji wa Geita. Hapa hakuna mtu anayetafuta chakula kwenye ramani. Unatoka nje, unafuata moshi. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kila baada ya hatua chache kuna mtu anakaanga kitu: maandazi, chapati, sambusa, mihogo, chipsi. Wateja ni bodaboda, wachimbaji wadogo waliotoka mashimoni na vumbi jeupe kwenye kope, madalali wa dhahabu, walimu kama mimi. Mji unaoamka kuchimba haulali njaa. Aliyekuwa na njaa ni mimi.

Niliutafuta mgahawa wa Kiitaliano kwa sababu nilikuwa nimesoma sana. Ukipewa ugonjwa ambao hakuna mtu mtaani kwenu anaujua, unajikuta unaishi kwenye simu. Na huko kwenye simu niligundua jambo lililonishangaza: nchi ya pizza na tambi ndiyo nchi inayowajali zaidi watu wasioweza kula ngano. Italia ina sheria, namba 123 ya mwaka 2005, inayoutambua ugonjwa huu kuwa jambo la jamii nzima. Mgonjwa hupewa na serikali kiasi cha fedha kila mwezi cha kununulia chakula chake. Kuna chama cha wagonjwa kilichoanza mwaka 1979, nacho hufundisha wapishi wa migahawa namna ya kupika bila kuchanganya. Nilikuwa nasoma hayo kwa tafsiri mbovu ya simu huku natafuna viazi vitamu vilivyopoa, na moyoni nikawa na wivu na watu wa Torino.

Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, ile inayofanya kinyunga cha chapati kivutike bila kukatika. Mwenye siliaki akiila, mwili wake unaiona kama adui, na katika kupigana nayo unajipiga wenyewe. Ndani ya utumbo mdogo kuna vinyweleo vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo vinalika hadi utumbo unabaki laini kama sakafu iliyosuguliwa. Unakula, lakini chakula kinapita tu.

Kwangu kilipita kwa miaka sita. Nilitibiwa taifodi mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Nilitibiwa minyoo, amiba, vidonda vya tumbo. Damu ilikuwa inapungua, naongezewa vidonge vya madini ya chuma, inapungua tena. Nilipofikia kilo 43, wenzangu kazini walianza kuniuliza kwa upole kama nimepima. Nilikuwa nimepima, mara nne, na mara zote nne majibu yalikuwa salama, lakini huwezi kutembea na majibu yamebandikwa kifuani. Mama yangu aliniita nyumbani, akanikalisha, akaniuliza kama kuna mtu nimemkosea. Nilijua anachouliza. Hakuwa anaongelea taifodi.

Aliyeukamata ugonjwa alikuwa daktari kijana Mwanza. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Asubuhi huwa unakula nini?" Nikamwambia chapati mbili na chai, kila siku, tangu nianze kazi. Alinyamaza kidogo, akaandika kitu. Damu yangu ikapelekwa Dar es Salaam. Baadaye nikamezeshwa mpira wenye kamera, wakachukua kipande cha utumbo. Karatasi niliyopewa mwishoni ilikuwa na sentensi moja ya kunihusu: aache ngano, shayiri na rai maisha yake yote. Rai sijawahi kuiona kwa macho hadi leo. Hiyo niliiacha bila shida.

Ngano ni jambo jingine. Nilipokuwa mtoto kijijini, chapati ilikuwa Krismasi. Mama alikuwa akinunua kilo mbili za unga, na sisi watoto tulikuwa tunazunguka jikoni kama kuku. Siku nyingine zote za mwaka zilikuwa ugali wa mahindi au wa muhogo, michembe, mchicha na dagaa. Kwa hiyo utoto wangu wote nilikuwa nakula, bila kujua, dawa yangu. Niliugua nilipofanikiwa. Nilipata kazi, nikapata mshahara, nikahamia mjini, na mjini Krismasi ipo kila asubuhi kwa shilingi mia tano.

Niliposoma historia ya ugonjwa huu nilikuta kisa kinachofanana na changu, kasoro ukubwa wake. Uholanzi, majira ya baridi ya mwaka 1944 kuelekea 1945, Wajerumani walizuia chakula na watu wakafa njaa. Daktari wa watoto aitwaye Willem Dicke alikuwa tayari anashuku ngano. Aliona kwamba watoto wake wenye ugonjwa huu, badala ya kuzidiwa, walipata nafuu wakati mkate ulipoadimika. Vita ilipoisha na mkate uliporudi, wakaanza kuugua tena. Aliandika matokeo yake ya utafiti mwaka 1950. Nilisoma kisa hicho mara tatu. Nikawaza watoto wale, kila mtu mtaani anashangilia mkate umerudi, na wao matumbo yanaanza upya.

Kuacha chapati mwenyewe haikuwa kazi. Kazi ilikuwa watu.

Kwenye harusi ya binamu yangu, shangazi aliniletea sahani ya pilau na sambusa mbili juu yake. Nikamwambia, "Shangazi, naomba sahani ambayo haikuguswa na sambusa." Akaziondoa sambusa kwa mkono, akanirudishia sahani ileile. Nikamweleza kwamba hata chembe zinanidhuru. Akacheka. "Kidogo tu haiui, mwanangu." Nilipoendelea kukataa, kicheko kikakatika. Kwetu mtu anayekataa chakula cha ndugu anasema jambo zito bila kufungua mdomo. Anasema, nimekuogopa. Shangazi alibeba sahani akaondoka, na tangu siku hiyo salamu zetu zikawa fupi.

Ajabu ni kwamba mahali pekee nilipokuta utaratibu ulioandikwa ni kanisani. Hostia ni ya ngano. Nilipomwendea padri nikijiandaa kubishana, aliniambia kwa utulivu kwamba Roma ilishawafikiria watu kama mimi: hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, yenye gluteni kidogo mno inakubalika, na asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea divai peke yake. Nikatoka pale nikiwaza kwamba sasa naweza kupokea mezani pa Bwana, lakini siwezi kula mchana.

Basi nikafunga safari ya Mwanza. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa bado linajengwa, tukavuka kwa kivuko, huku nguzo zake zikitutazama. Sehemu niliyoiona kwenye ramani ilikuwa nzuri: vitambaa mezani, upepo wa ziwa, na kwenye orodha ya vyakula, mbele ya majina matano, alama ndogo ya suke la ngano lililokatwa mstari. Nilikaribia kulia. Nikamwita kijana wa huduma, nikamuuliza kama kweli pizza hii haina gluteni. "Haina kabisa, dada," akasema. "Hatuweki nguruwe." Ningesimama pale pale niondoke. Lakini nilikuwa nimetoka mbali, nauli nilishalipa, alama ilikuwa imechapishwa kwa wino mzuri, na mimi ni mwalimu, nimelelewa kuamini kilichoandikwa. Nilikula. Ilikuwa tamu. Kabla kivuko hakijafika upande wa pili nilikuwa nimeinama ukingoni, na mama mmoja nisiyemjua amenishikilia mgongo asidhani nitatumbukia. Niliumwa siku tisa.

Nikiwa kitandani siku hizo ndipo nilipoacha kutafuta mgahawa na kuanza kutafuta mtu.

Kibanda chake kiko nyuma kidogo ya barabara, mabati na turubai la bluu, benchi tatu. Hapiki chapati. Hilo ndilo lililonivuta kwanza. Anapika ugali, wali, maharage, sato wa Nkome, dagaa, na asubuhi mihogo ya kuchemsha na supu. Maandazi huletewa na mwanamke mwingine kwenye ndoo yenye mfuniko, akayauza na chai. Nilimsalimia, "Mwangaluka, mama." Akaitikia na kuniuliza ni wa wapi. Tukaongea. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza vinyweleo vya utumbo. Nikatazama benchi lililojaa wanaume wanaokula, nikasikia neno ugonjwa likinijia mdomoni, na nikaliogopa. Nani anataka kushiriki sahani na mgonjwa? Mteja gani angebaki? Nikasema kitu kingine.

"Mama, mimi ngano ni mwiko kwetu."

Hakucheka wala hakusema kidogo tu haiui. Mwiko kwake halikuwa neno la kujadiliwa. Benchi lile lilikuwa limejaa watu wenye miiko: ukoo huyu hauli mnyama fulani, yule hali samaki fulani, wachimbaji wana ya mashimoni ambayo hawaisemi ovyo. Aliniuliza maswali mawili tu, na yalikuwa maswali bora kuliko niliyowahi kuulizwa na mpishi yeyote. "Ni kula tu, au hata kugusana?" Nikasema hata kugusana. "Na mafuta yaliyokaangiwa je?" Nikasema hata hayo. Akatikisa kichwa, akageukia ukutani, akachomoa mwiko mpya wa mti wa kusongea ugali, akaufunga uzi mwekundu kwenye mpini. "Huu wako," akasema.

Ni neno moja kwa vitu viwili, mwiko wa jikoni na mwiko wa kukatazwa. Nimelisema maisha yangu yote bila kuliona.

Kwa karibu miaka miwili nilikula pale mara sita kwa wiki, na sikuumwa hata mara moja. Sahani yangu ilikaa juu ya kabati. Ndoo ya maandazi ilihamishiwa upande wa chai. Viungo vya pakiti, ambavyo vingine huongezewa unga wa ngano, aliviacha kwenye sufuria yangu. Siku moja nilimkuta anabishana na kijana wa mashine ya kusaga. Mteja aliyetangulia alikuwa amesaga unga wa lishe wenye ngano, na mama alikuwa anataka debe lake la mahindi lisubiri, kwanza yasagwe mahindi kidogo ya kusafisha mashine, ambayo atawapa kuku. Kijana aliuliza kuna nini. Mama akamjibu, "Kuna mtu wangu." Nchi nyingi zimekubaliana kwamba chakula kiitwe hakina gluteni ikiwa hazizidi miligramu 20 kwa kilo. Mama huyu hana mizani hiyo. Ana kuku.

Nilipaswa kuwa na furaha tu. Lakini pale kibandani alikuwepo mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka miwili hivi. Mama yake alikuwa kwenye machimbo Katoro, mtoto kabaki na bibi. Tumbo lilikuwa limevimba, miguu kama vijiti, na kila wiki bibi alilalamika kwamba anaharisha. Alikuwa anampa uji wa lishe, wa mahindi, soya, karanga na ngano, kwa sababu kliniki na majirani wote walisema mtoto aongezewe lishe. Katikati ya uji na uji alimpa andazi ashike.

Nilimtazama mtoto yule kwa miezi minne.

Niliyajua ninayoyajua. Niliwajua watoto wa Uholanzi. Lakini kusema kungekuwa ni kusema kwamba hakuna ukoo wetu wowote wenye mwiko wa ngano, kwamba mama yangu hupika chapati kila Krismasi, kwamba nilimdanganya mtu aliyenitunzia mwiko wangu. Nilijiambia mimi si daktari. Nilijiambia watoto wengi huvimba tumbo. Yote mawili yalikuwa kweli, na bado nilikuwa nanyamaza kwa sababu ya sahani yangu.

Siku niliyosema ilikuwa Jumamosi jioni, wateja wamekwisha, anasugua masufuria kwa majivu. Nilisema vibaya, kwa haraka, nikaanzia katikati. Aliendelea kusugua. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo si mwiko."

"Ni ugonjwa, mama."

"Unaambukiza?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Nikamwambia niliogopa angenifukuza. Aliweka sufuria chini. "Mwalimu," akasema, na hajawahi kuniita hivyo, kwake nilikuwa mwanangu, "nimelisha watu wenye kifua kikuu kwenye benchi hilo. Nimelisha watu waliokuwa wanakufa." Akaingia ndani na mtoto mgongoni. Sikula pale wiki ile.

Alinitafuta mwenyewe, kwenye geti la shule. Alitaka kujua aende wapi. Nilimwambia jambo moja ambalo ni muhimu: asimwachishe mtoto ngano kabla ya kipimo, kwa sababu mtu akishaacha kipimo kinaweza kisione kitu. Tukaenda wote Mwanza. Kwenye kivuko alikaa katikati, mbali na maji, amemfunika mtoto kwa kitenge.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Haikuwa siliaki. Mtoto alikuwa na kimelea cha tumboni, kile kile nilichotibiwa mimi mara kadhaa bila kuwa nacho. Akapewa dawa, bibi akashauriwa kuchemsha maji ya kunywa, na taratibu miguu ikaanza kuwa miguu. Nilikuwa nimekosea kuhusu ugonjwa. Nilipomwomba radhi kwa kumsafirisha bure, alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Bure?" akasema. "Si umetupeleka akatazamwa?"

Sikuwa na uhakika kama nitarudi kwenye benchi. Mwiko ulikuwa umekufa, na sikujua ugonjwa utaheshimiwa kiasi gani pasipo huo. Jumatatu nilipopita barabarani aliniita kwa sauti, mbele ya watu wote: "Wewe mwenye tumbo, njoo ule!" Benchi zima likageuka. Mchimbaji mmoja akaniuliza tumbo lina nini. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, vinyweleo na kila kitu. Akasikiliza huku anamega ugali, akasema dada yake Buseresere yuko vivyo hivyo, chapati zinamtesa. Nikamwandikia jina la kipimo kwenye karatasi. Mwiko wenye uzi mwekundu ulikuwa palepale ukutani.

Wiki mbili zilizopita nilifika saa saba mchana, njaa inauma. Kabla sijakaa akanyoosha mkono kunizuia. Binti mpya anayemsaidia alikuwa ametumia mwiko wangu kukorogea supu ya mteja, supu aliyoiongezea ngano iwe nzito. Mama alikuwa ameshauosha, lakini mti hunywa, akasema, haujui kusahau. Angenunua mwingine kesho.

"Leo usile kwangu," akaniambia.

Nilinunua viazi vitamu vya shilingi elfu moja, nikarudi chumbani kuvichemsha. Njiani niliikumbuka alama ile ya Mwanza, suke lililokatwa mstari kwa wino mzuri, na yule kijana aliyesema haina kabisa. Hajawahi mtu kuniambia pale, leo usile kwetu. Nilisubiri viazi viive nikiwa na njaa, na sikuwa na wivu na mtu yeyote wa Torino.